Binti yangu anataka dansi ya barafu, je niuze kiwanja?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Igoma na nauza dagaa pale Mwaloni. Binti yangu wa pili ana miaka 12, shuleni yupo kwenye kikundi cha ngoma na jumapili anaskeiti na wenzake Furahisha na viatu vya magurudumu. Tangu aone kwenye simu wale wanaocheza wawili wawili kwenye barafu, mwanamke na mwanaume, amesema hiyo ndo kazi anayoitaka na hataki kusikia nyingine. Kuna kaka tumefahamiana naye wasap anasema ana nafasi kwenye akademi ya Kanada, tutume milioni 6 za kushika nafasi, na baba yake anasema tuuze kiwanja chetu cha Kisesa. Majirani wanasema mtoto mweusi hafiki popote kwenye huo mchezo, wengine wanasema baridi itamharibu mifupa, na mwingine kaniambia ameshachelewa wenzake wanaanza na miaka mitatu. Naomba uniambie ukweli, hii ni kazi kweli? Inalipa? Nifanye nini na huyu mtoto?"

Marahaba dada yangu, na pole, maana naona umeandika ukiwa na mzigo. Mimi nimefundisha kuskeiti kwenye barafu miaka tisa huko Uingereza kabla ya kurudi nyumbani Mwanza, kwa hiyo haya unayouliza nimeyaishi, nimekaa na wazazi wengi wakiwa na swali hilihili, tofauti yako ni kwamba wao barafu ilikuwa mtaa wa pili na wewe barafu unayoiona ni ya kuwekea sangara.

Nianze na la hela kwa sababu ndo lenye haraka. Usiuze kiwanja, na usimtumie huyo kaka hata shilingi moja. Akademi ya kweli ya huu mchezo inaanza kwa kuomba video ya mtoto akiwa juu ya barafu, inauliza kocha wake ni nani na amefika ngazi gani, halafu inataka kumuona kwa macho, ndo baadae yanakuja mambo ya ada, tena kwa mkataba na mzazi na kwa akaunti ya shule yenyewe. Hakuna kocha wa maana anayeshika nafasi ya mtoto ambaye hajawahi kukanyaga barafu hata siku moja. Na zaidi ya milioni 6, kinachonitisha mimi ni mtoto wa kike wa miaka 12 kusafirishwa na mtu mliyekutana kwenye simu. Kama mmeshamtumia nakala ya cheti cha kuzaliwa au picha za mtoto, usifute meseji hata moja, nenda nazo kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, wao hayo mambo wanayajua na hawatakucheka. Hilo lifanye wiki hii, mengine yote yanaweza kusubiri.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe, maana huwezi kuamua kuhusu kitu ambacho umekiona kwenye simu tu.

Kuna michezo miwili ya wawili wawili kwenye barafu na watu wengi wanaichanganya. Upo ule ambao mwanaume anamnyanyua mwanamke juu ya kichwa na kumrusha hewani akatua mwenyewe, huo ni mwingine. Anaoutaka binti yako ni dansi ya barafu, humo hakuna kurushana, hakuna kumbeba mwenzako juu kwa mikono iliyonyooka kupita kichwa, na kubebana kwenyewe kunahesabiwa sekunde, kule kwa kawaida hakuzidi 7. Wanacheza mara mbili, mara ya kwanza kwa mdundo uliopangwa msimu huo kwa watu wote duniani, mara ya pili dansi yao huru ya kama dakika 4. Ilianza kuchezwa kwenye mashindano ya dunia 1952 na kwenye Olimpiki 1976. Wewe mtazamaji unaona mapozi na nguo na muziki, ila jaji anaangalia miguu.

Na hapa ndo penye siri yote kwa hiyo nivumilie kidogo. Pale Mwaloni umeshaona bonge la barafu likitoka tu kiwandani, ukiligusa vidole vinanata, halitelezi vizuri, likikaa kidogo ndo linaanza kuponyoka mkononi. Shuleni wengi tulifundishwa kwamba uzito wa mtu ndo unayeyusha barafu chini ya chuma, ukipiga hesabu uzito peke yake hautoshi. Barafu juu yake ina utando mwembamba sana uliolegea karibu kama maji, na chuma kikipita kinaongeza joto kidogo la msuguano, ndo unateleza. Ikiwa baridi mno inakuwa ngumu na inameguka, ikiwa na joto inakuwa kama uji, kwa hiyo uwanja wa dansi unashikiliwa kwenye nyuzi hasi 3 au hasi 4 hivi, usiku na mchana, na mabomba ya kimiminika baridi yaliyopita chini ya sakafu yote. Ndo maana huwezi kumwaga barafu ya samaki kwenye ukumbi ukapata uwanja, na ndo maana kwa joto na unyevu wetu wa ziwani uwanja kama huo ni bili ya umeme ya kutisha.

Chuma chenyewe kilichopo chini ya kiatu kina upana wa kama milimita 4, na katikati yake kuna mfereji umechongwa kutoka mbele mpaka nyuma, kwa hiyo kila mguu una makali mawili, la ndani na la nje. Mchezaji akilalia upande mmoja, kali lile linakata barafu na yeye anakwenda kwa mkunjo bila kusukuma. Dansi yote ya barafu ni huko kulala kwenye makali na kubadilisha kutoka moja kwenda lingine bila kuyumba na bila kugusana miguu, watu wawili wakiwa karibu kama mnavyobanana kwenye kivuko, na kwa spidi. Wakifika pale wanazunguka kwa mguu mmoja huku wanasafiri, wote kwa pamoja, mmoja akichelewa hata kidogo tu jaji ameshaona.

Nakwambia haya kwa sababu yana habari njema kwa binti yako. Ile skeiti ya magurudumu manne, mawili mbele mawili nyuma, ukiilalia upande mmoja ekseli zake zinapinda na inakwenda kwa mkunjo vilevile. Maana yake kulalia makali anaweza kujifunza hapohapo Furahisha. Siyo maneno ya kukufariji, Tara Lipinski wa Marekani aliyeshinda Olimpiki 1998 akiwa na miaka 15 alianza na magurudumu akiwa mtoto mdogo kabla hajapanda barafu. Kisichopatikana kwenye magurudumu ni kule kuteleza kiubavu, barafu inakuruhusu kuburuza chuma pembeni, sakafu inakushika, kwa hiyo siku akipanda barafu ataanguka sana wiki za kwanza hata kama huku ni hodari, asije akadhani ameshindwa.

Kuhusu kuchelewa nitakuwa mkweli maana umeniomba ukweli. Habari ya miaka mitatu imezidishwa, ila wengi kweli wanaanza na miaka minne, mitano, sita. Johnny Weir wa Marekani alianza na miaka 12, umri wa binti yako, na alicheza Olimpiki mbili akashika nafasi ya 5 mwaka 2006 na ya 6 mwaka 2010, ila yeye alikuwa anacheza peke yake na alikuwa na barafu na kocha kila siku. Binti yako hana barafu. Nafasi ya yeye kutoka Igoma mpaka Olimpiki kwenye dansi ya barafu ni ndogo sana, na mtu akikwambia vingine anakuuzia kitu. Lakini dansi ya barafu haina haraka ya mwili mdogo kama michezo mingine, kuanzia msimu wa 2024/25 huruhusiwi hata kushindana kimataifa ngazi ya wakubwa kama hujafikisha miaka 17, na wanaoshinda huwa ni watu wazima. Madison Chock na Evan Bates wa Marekani walianza kucheza pamoja 2011, ubingwa wao wa kwanza wa dunia wameupata 2023, miaka 12 baadae, Bates akiwa na miaka 34. Tessa Virtue na Scott Moir wa Kanada walipangwa pamoja 1997 yeye ana miaka 7 mwenzake 9, dhahabu ya Olimpiki ikaja 2010. Umeona hiyo? Ni miaka mingi na mtu yuleyule mmoja, kwa hiyo mmoja akiugua, akiolewa, akichoka, wote wawili mmesimama.

Na hapo nifike kwenye kitu ambacho hakuna aliyekwambia na ndo kinachokatisha ndoto nyingi kuliko hela na kuliko umri, ni patna. Ulaya na Marekani wasichana wanaotaka dansi ya barafu ni wengi, wavulana wachache, kwa hiyo mvulana mmoja wa wastani anagombaniwa, na nimeona familia za wasichana zinalipia mpaka kocha na kiatu cha kijana wa watu ili tu mtoto wao awe na wa kucheza naye. Nimefundisha msichana mmoja mzuri sana wa miguu, alikaa miaka miwili anafanya mazoezi peke yake akiwa amenyoosha mkono kwa mtu ambaye hayupo, mwishowe akaacha, na mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Sasa huku kwetu tuna kitu wao hawana. Usukumani kijana kucheza mbele za watu siyo aibu. Wagika na Wagalu, zile pande mbili za wacheza ngoma wa Kisukuma, wanashindana toka enzi za mababu, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja na watu wanakimbilia kule kunakonoga, kule walikojaa ndo washindi, nenda Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma kipindi cha Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, utaona wanaume wazima wamepania kuliko wanawake. Kwa hiyo mtafutie binti yako mwenzake hapohapo kwenye kile kikundi cha ngoma au kwenye wale wanaoskeiti naye, kaka yake hata binamu, wajifunze kuskeiti wameshikana mikono, mmoja anakwenda mbele mwingine kinyumenyume, bila kutazama chini. Akikosekana mvulana acheze na msichana mwenzake haina shida, Kanada kwenyewe tangu mwishoni mwa 2022 kwenye mashindano yao ya ndani wanasema timu ni wachezaji wawili tu basi. Utamu na ugumu wa mchezo huu ni kusikiliza mwili wa mwenzako, na hilo barafu haihusiki.

Umeuliza inalipa? Kwa walio wengi, hailipi, inakula. Mchezaji wa ngazi ya juu analipia saa za barafu, kocha, mtu wa kupanga dansi, nguo, viatu, kunoa makali, ndege na hoteli, kwa mwaka ni makumi ya maelfu ya dola, na zawadi ikipatikana inagawanywa kwa wawili. Jayne Torvill na Christopher Dean wa Uingereza, wale waliopewa 6.0, alama ya juu kabisa enzi hizo, na majaji wote 9 kwa upande wa sanaa kule Sarajevo 1984, dada alikuwa karani wa bima na kaka alikuwa polisi, wakawa wanafanya mazoezi nje ya saa za kazi mpaka halmashauri ya jiji lao la Nottingham ilipowapa ruzuku ndo wakaacha kazi. Hela huwa inakuja baadae, kwenye maonyesho, kwenye meli za watalii, kufundisha, kupanga dansi za wengine. Kufundisha ndo kazi halisi ya wengi wetu na ni kazi nzuri, mimi imenilea. Ila ukiniuliza kama mzazi mwenye kiwanja kimoja, huu siyo uwekezaji, ni gharama kama ya kumsomesha mtoto kitu anachokipenda.

Hilo la kwamba mtoto mweusi hafiki popote sitalikalia sana. Debi Thomas wa Marekani alipata shaba ya Olimpiki 1988. Surya Bonaly wa Ufaransa alikuwa wa pili duniani miaka mitatu mfululizo, 1993 mpaka 1995. Vanessa James na mwenzake walikuwa mabingwa wa Ulaya 2019 kwenye ule mchezo wa kunyanyuana. Ni wachache kwa sababu barafu imekaa kwenye mitaa ya wenye hela, na ubaguzi upo pia nisikufiche, ila ngozi haina cha kufanya na makali ya kiatu. Kikwazo cha binti yako ni pasipoti zaidi. Hapa Tanzania hatuna shirikisho la mchezo huu na hatujawahi kupeleka mtu Olimpiki ya majira ya baridi, wakati Wakenya walishampeleka Philip Boit toka 1998 kwenye mbio za theluji. Kwenye mashindano ya dunia inatosha mmoja wenu awe raia wa nchi mnayoichezea, Olimpiki wanataka wote wawili. Kwa hiyo hata akiwa mzuri kupindukia, kuna siku suala la uraia litakuja mezani na siyo dogo.

Na mifupa, baridi haiharibu mifupa. Kinachoumiza ni kuanguka, kurudia kitu kimoja mara mia kwa siku mwili ukiwa bado unakua, na kiatu kibaya. Huyo Tessa Virtue niliyemtaja alifanyiwa upasuaji wa miguu 2008 na tena 2010 kwa maumivu ya misuli ya muundi. Binti yako akianza kulalamika goti au kisigino, maumivu yakaendelea zaidi ya wiki mbili, au usiku yanamuamsha, au anachechemea, simamisha skeiti umpeleke hospitali aonwe na mtu wa mazoezi ya viungo, Bugando wapo, usimkande tu ukasema ni ukuaji. Akianguka akagonga kichwa, akatapika au akawa haelewi vizuri, hapo ni siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Kofia ngumu na vikinga viganja anunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Na jambo moja naomba ulishike sana, mwalimu yeyote atakayemwambia apunguze kula ili awe mwepesi, mwondoe hapo. Nimeona wasichana wanaacha kula mpaka hedhi inakata na mfupa unapasuka bila kuanguka. Anavyokaribia kuvunja ungo anahitaji wali wake, samaki wake na maziwa yake.

Basi ningekuwa mimi ndo nimekaa na huyo mtoto hapo Igoma, ningefanya hivi. Kiwanja kibaki. Ningemuacha kwenye ngoma, tena ningemsukuma zaidi huko, maana sikio la mdundo halinunuliwi baadae na dansi ya barafu imejaa watu wenye miguu mizuri wasio na mdundo. Ningemwelekeza kwenye skeiti ya kisanii ya magurudumu, ambayo ni mchezo kamili una ubingwa wake wa dunia, una dansi ya wawili na una dansi ya mtu mmoja, yaani hata bila patna anaweza kushindana, na ndoto ya hapa inaweza kuishi bila friji la umeme. Skeiti za mtumba zipo, angalia tu buti imebana kifundo vizuri, magurudumu hayayumbi, na usinunue kubwa eti atakua nayo, hapo ndo vifundo vinateguka.

Halafu ningedunduliza hela ya safari moja ya Nairobi, wewe na yeye, likizo. Kuna uwanja wa barafu hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, ulifunguliwa 2005. Ni mdogo ukilinganisha na wa mashindano wa mita 60 kwa 30 na umewahi kufungwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mpige simu kabla hamjakata tiketi. Basi linapita Bunda mpaka Sirari, shughulikia hati zake za kusafiria mapema uhamiaji. Alipie saa moja, alale, kesho yake alipie nyingine. Siku ya kwanza usiangalie kitu, ataanguka tu. Siku ya pili mwangalie uso. Kuna watoto barafu ikishawapiga wanajua wanaipenda kwenye simu tu na wanarudi wamepona kabisa, na kuna wengine unawatoa uwanjani wakiwa wanalia. Akiwa wa kundi la pili na amefikisha 14 au 15, na kama mna ndugu wa damu anayeishi nchi yenye barafu, ndugu mnayemjua kabisa, hapo ndo mazungumzo ya kumhamishia shule huko yanaweza kuanza. Kabla ya hapo hapana. Mkikosa ndugu na yeye bado ana moto, TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wanafundisha dansi kama fani, akimaliza sekondari aangalie huko, akitoka ana cheti mkononi na mlango wa maonyesho uko wazi.

Baba yake mwambie mimi nimeelewa kwa nini anataka kuuza, ni upendo, asijisikie vibaya. Na mtoto usimwambie haiwezekani, mwambie ulivyoelezwa hapa, miaka 12 anaelewa, mpe na hesabu zenyewe.

Jumapili hii akienda Furahisha mwambie aanze na kitu kimoja. Achore duara kubwa kwa chaki, alipite kwa mguu wa kushoto tu akiwa amelalia kwa ndani, mguu mwingine haugusi chini, kisha wa kulia, kisha arudie kwa upande wa nje. Mpige video kuanzia magotini kwenda chini, uso siuhitaji, na unitumie hapahapa uliponiandikia. Nitaiangalia na nitakujibu.